Mafuta ya Kwenda Eldoret

Pale Kebirigo, mtu akitaka kujua gari litakunywa mafuta kiasi gani hadi mahali fulani, hajisumbui na simu yake. Anakwenda kwa Ochoki. Kwaya ikialikwa Migori, mwenyekiti anapita kwake kwanza. Watu wakienda kuleta maiti kutoka Nakuru, kamati inapita kwake kabla hata ya kuuliza bei ya jeneza. Ochoki ataketi kwenye benchi lake, akuulize mambo usiyoyatarajia: matairi ni ya lini, mtakuwa wangapi, wanene ni wangapi, mtatoka saa ngapi, na dereva ni mtu wa haraka au ni mtu wa kawaida. Kisha atafumba macho, aipitie barabara yote kichwani, kona kwa kona, na akiyafumbua atasema, "Lita kumi na tisa. Wekeni ishirini, msije mkanilaumu." Na jamani, mtarudi na hiyo lita moja. Si uchawi. Mimi mwenyewe nimeona.

Alijifunzia kwenye lori la majani chai. Miaka ishirini na minane alipanda na kushuka vilima vya Nyamira akikusanya majani kutoka kwenye vituo vya wakulima, huku wenzake wakinyonya dizeli kwa mpira na kuiuza kando ya njia. Yeye alikuwa akirudisha dizeli. Anairudisha kweli, anamwambia mkubwa wake, "Hii imebaki." Wenzake walimwona zuzu. Siku ya kustaafu alipewa cheti na blanketi, akasimama mbele ya watu akaeleza kwa robo saa jinsi ya kuteremka mlima bila kukanyaga mafuta na bila kutoa gia. Watu walikuwa wanangoja chakula. Yeye anaeleza tu.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa babu wa Persis.

Persis alikuwa na miezi mitano na uzito wa mtoto wa miezi miwili. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Mama yake, Celestine, ni mke wa Mokua, mtoto wa kiume wa pekee wa Ochoki, naye Mokua yuko Nairobi kwenye kazi za mjengo, anakuja nyumbani mara tatu kwa mwaka. Kliniki ya Kisii iliwapa barua ya kwenda Eldoret kwa daktari wa mioyo ya watoto. Tarehe ikatoka baada ya kungojwa sana: Jumanne, kabla ya saa tatu asubuhi, mtoto atapimwa moyo kwa mashine ili ijulikane kama anaweza kupasuliwa. Ukikosa Jumanne hiyo, unasubiri mwezi mzima au zaidi, na huyo mtoto hakuwa na miezi ya kuchezea. Nesi aliwaeleza Celestine na mama mkwe wake, Kwamboka, mambo mawili. La kwanza, asipandishwe matatu, kwa sababu watu wanakohoa humo na kikohozi kidogo tu kinaweza kummaliza. La pili, anyonyeshwe kidogo kidogo, kila saa moja au moja na nusu, kwa maana akinyonya anachoka, na akikaa njaa au akikaa kwenye joto moyo unaanza kumshinda. Maneno hayo yakisemwa, Ochoki alikuwa nje kwenye maegesho, anafuta vumbi kwenye gari lake aina ya Probox.

Mokua alituma elfu nne na mia tano za mafuta. Alikopa kwa wenzake, na akasema asiulizwe tena.

Ochoki akaketi kwenye benchi lake. Kutoka Kebirigo kwenda Eldoret kuna njia ya Kericho, ambayo haishuki sana lakini ni ndefu, na kuna njia ya kuteremka Sondu na Ahero, ukatize mashamba ya miwa, kisha upande mlima wa Nandi mara moja na umalize. Aliipitia ya kwanza, akatikisa kichwa. Aliipitia ya pili. Kwenda na kurudi, lita thelathini na moja. Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya lita ishirini na tano. Lita sita zilikuwa zinamtazama usoni, naye akazitazama, na nakuambia kweli, mzee yule alifurahi. Hakufurahia ugonjwa, la hasha, mjukuu alikuwa anamuuma rohoni. Alifurahi kwamba kwa mara ya kwanza hesabu yake ilikuwa ya nyumbani kwake, na kwamba atamwokoa mtoto kwa kile anachokijua kuliko mtu yeyote.

Akaanza kulipunguza gari. Kichanja cha mizigo cha juu kilifunguliwa kikawekwa ghalani. Jeki, majembe mawili, gunia la mbolea lililosahaulika nyuma tangu Machi, vyote nje. Matairi yalijazwa upepo mpaka yakalia kama ngoma. Akapanga kutoka saa kumi na moja alfajiri, barabara ikiwa tupu. Mwendo usizidi sitini na tano. Madirisha yafungwe, maana upepo ukiingia ndani unalivuta gari nyuma. Kusimama hakuna, kwa sababu gari linakunywa zaidi wakati wa kuondoka kuliko wakati wa kwenda, hilo alikuwa akilisema hata kanisani. Akajumlisha. Bado lita moja na robo ilikuwa inamsumbua.

Jumatatu jioni Kwamboka alikuwa anakunja nguo zake za safari, Ochoki akasimama mlangoni akikuna shingo.

"Mama Mokua, wewe utabaki."

"Nibaki wapi?"

"Hapa. Nimepiga hesabu. Kwenda na kurudi, pamoja na ule mlima wa Nandi, wewe peke yako ni lita moja na robo."

Kwamboka aliiweka chini nguo aliyokuwa anakunja. Ni mama mnene, hilo halifichiki, na hajawahi kulionea aibu. "Nimekaa na wewe miaka thelathini na tano," akasema, "leo umenigeuza petroli."

"Ni kwa ajili ya mtoto."

"Na nani atamsemea Celestine?"

Hapo ndipo alipopaswa kusimama na kufikiri, lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa lita. Kwa Wakisii, baba mkwe na mkaza mwana wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono. Baba haingii nyumba ya mwanawe. Mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo, na mkaza mwana hawezi kufungua kifua anyonyeshe mahali ambapo baba mkwe yuko karibu naye hivyo. Hiyo ni ensoni, na hata wasomi wanaorudi Desemba na magari makubwa wanaishika. Celestine akiwa na neno la kumwambia Ochoki, humwambia Kwamboka, na Kwamboka hulipeleka. Ndivyo wamekaa miaka minne bila kukoseana. Sasa huyu bwana alikuwa anamwacha nyumbani mtu pekee aliyepitisha maneno kati yao, kwa sababu ya uzito.

"Amsemee nini?" Ochoki akasema. "Tunakwenda hospitali, hatuendi mahakamani. Akiwa na shida akohoe, mimi nitasikia."

Alisema akicheka. Celestine alikuwa mlangoni mwa jikoni na mtoto begani, na yeye hakucheka.

Kwamboka alibishana, akanyamaza, akabishana tena. Alimwambia mtoto ananyonya kidogo kidogo, asimame njiani. Ochoki akaitikia "mm, mm" kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mwishowe mama wa watu akarudisha nguo zake sandukuni.

Walitoka saa kumi na moja kamili. Celestine alikaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Ochoki alikuwa amekigeuza kioo cha ndani kikatazama paa, kwa heshima, ili asimwone mkwe wake bila kukusudia. Wakateremka Miruka, wakaingia Chabera, na gari lilikwenda kwa utamu usio wa kawaida, mguu wa Ochoki ukigusa mafuta kama mtu anayeonja mchuzi. Kufika Sondu mshale ulikuwa haujasogea hata upana wa kucha. Akaimba kimoyomoyo wimbo wa kanisani.

Karibu na Ahero Celestine alikohoa.

Ochoki akalikaza dirisha lake vizuri. Vumbi, akafikiri.

Akakohoa tena walipopita Awasi, mara mbili, na mtoto alikuwa analia kile kilio chake chembamba. Ochoki akasema kwa sauti ya upole, akitazama mbele, "Tunakwenda vizuri. Tutafika mapema." Celestine akasema, "Ndiyo, tata." Tata ni baba.

Jua lilitoka wakiwa katikati ya miwa. Huko chini joto halingoji mtu anywe chai. Ndani ya gari, na vioo vimefungwa, hewa ikawa nzito. Mtoto alilia kwa muda, kisha kilio kikawa kinakatika, kisha kikaisha. Amelala, Ochoki akajiambia, na nafsi yake ikatulia, kwa kuwa kilio kilikuwa kimeanza kumtoa kwenye mwendo wake. Nyuma akasikia mkwe wake akinong'ona kwenye simu. Atakuwa Mokua huyo, akafikiri, mke na mume wana yao. Akajikaza asisikie, kwa sababu ya heshima hiyohiyo.

Haikupita dakika moja, simu yake yeye ikatetemeka kwenye dashibodi. Mama Mokua. Ochoki akaguna. Bado ana hasira za kuachwa, akaiacha itetemeke mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Alikuwa ameshauanza mlima wa Nandi, na mlima ule hautaki mtu mwenye mkono mmoja: unaukamata kwa gia ya tatu, unaiacha injini iimbe sauti moja, na ukiivunja sauti hiyo umekula mafuta ya kilomita nne. Nyuma, mnong'ono. Mbele, simu. Mara ya tatu. Mara ya nne. Mwanamke huyu ana nini leo?

Mara ya tano aliipokea ili amgombeze. Hakupata nafasi.

"Simama!" Kwamboka alikuwa anapiga kelele mpaka spika ikakwaruza. "Simama, Ochoki! Mtoto amekuwa mweusi midomo, mama yake ananipigia mimi Kebirigo nikwambie wewe uliye mbele yake! Hajanyonya tangu alfajiri! Simama!"

Miaka thelathini na tano hakuwa amemwita jina lake hivyo, bila Baba Mokua. Ochoki akakanyaga breki katikati ya mwinuko, mahali ambapo dereva mwenye akili hasimami, akaliingiza gari kwenye majani. Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu Celestine aolewe, alimtazama usoni. Alikuwa analia bila sauti, machozi na jasho vimechanganyika, na mtoto mapajani mwake alikuwa amelegea, amelowa, midomo ina rangi ya zambarau iliyoiva. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka mno.

"Mungu wangu," Ochoki akasema. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Celestine alimpepea mtoto kwa ncha ya leso. Angejibu nini? Alikuwa amekohoa.

Ochoki akafungua milango yote minne, hewa ya mlimani ikaingia. Akaondoka akaenda kando, hatua kumi juu ya barabara, akasimama akiwapa mgongo, mikono imeshikana nyuma. Malori yalimpita yakimpigia honi. Alisikia Persis akijaribu kunyonya na kushindwa, akisikia kwa masikio yake na kwa mgongo wake, na Celestine akisema kwa Ekegusii, lugha yao, "Kunywa mama, kunywa kidogo tu." Mtoto hakuwa na nguvu ya kuvuta. Ikabidi mama amkamulie kwenye kifuniko cha chupa, amtilie tone kwa tone. Ilichukua karibu nusu saa. Alitaka kuomba na sala haikuja, zilikuja namba tu, kilomita zilizobaki mpaka Eldoret, na kwa mara ya kwanza alitamani asizijue namba zile.

Celestine alipoita, "Tata, twende," aliruka kama kijana.

Hapo aliendesha. Nandi Hills aliipita kama mtu anayefukuzwa. Kapsabet aliivuka huku anaomba njia kwa honi na kwa taa. Alikanyaga mafuta mpaka sakafuni, gia ya pili, ya tatu, ya pili, injini inalia, vioo wazi, na hakuutazama mshale hata mara moja. Kila baada ya dakika tano aliuliza, "Anapumua?" na Celestine akajibu, "Anapumua." Ndiyo mazungumzo marefu zaidi waliyowahi kuwa nayo.

Waliingia hospitalini saa nne kasorobo. Manesi walipomwona mtoto hawakuuliza barua wala namba. Walimchukua mbio, wakamwekea mpira wa oksijeni puani, wakamtafuta mshipa kwenye kichwa. Baadaye alikuja daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya kuchoka, akamsikiliza mtoto kifua kwa muda mrefu. Alisema mtoto atabaki wodini. Kupimwa kwa mashine leo hakuwezekani, moyo umechoka na mtoto amekauka maji, na daktari mwenye mashine huja Jumanne chache tu. Watapewa tarehe nyingine. Wiki tano, labda sita.

"Atafika wiki sita?" Celestine akauliza.

Daktari akachukua karatasi yake. "Mama, alinyonya mara ya mwisho saa ngapi kabla hajawa hivi?"

"Saa kumi na moja."

"Alfajiri? Ulikuwa umeelezwa kila saa moja na nusu?"

"Nilielezwa."

"Sasa ilikuwaje?"

Celestine aliinamisha kichwa. "Nilipitiwa na usingizi, daktari. Unisamehe."

Ochoki alikuwa amesimama kando ya pazia, pale ambapo heshima ilimruhusu kusimama. Alisikia uongo ule ukitoka kwa ajili yake. Alimsikia daktari akimgombeza mkwe wake mbele ya watu, kwamba mtoto wa moyo halaliwi, kwamba akina mama wa siku hizi, kwamba angalitembea na saa. Celestine aliyapokea yote, anachezea ncha ya leso yake. Hakugeuka hata mara moja kumtazama baba mkwe. Angeweza kukaa kimya, huyu mzee. Heshima yake ilikuwa imekwisha kuokolewa, wala hakuna ambaye angejua. Na kwa muda kidogo alikaa kimya, niseme ukweli, kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

"Hakulala," akasema hatimaye. "Mimi ndiye nilikuwa naendesha. Sikusimama."

Daktari akageuka. "Kwa nini?"

"Mafuta."

"Mafuta yaliisha?"

"Hapana. Nilikuwa nayapunguza."

Daktari akaiweka kalamu yake mfukoni. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mzee," akasema, "kusimama dakika kumi kando ya barabara, mama anyonyeshe mtoto, kungekula mafuta ya pesa ngapi?"

Halikuwa swali la kujibiwa. Mtu mwingine yeyote angetazama chini. Lakini Ochoki hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo akakosa jibu, na kabla hajajizuia mdomo ulikuwa umefunguka.

"Shilingi ishirini na tano," akasema. "Mlimani. Kwenye tambarare ni kama kumi na tano."

Mama wa kitanda cha pili aliyekuwa akimenya ndizi aliacha kumenya. Ochoki alisikia alichokisema baada ya wengine kukisikia, akafumba mdomo, akaishika nguzo ya kitanda kwa mkono wake wa kuendeshea. Daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Wakabaki watatu. Persis alikuwa amelala chini ya ule mpira, ngumi moja imefungwa. Celestine alimvutia leso mpaka kidevuni. Kisha akasema, macho yako kwa mtoto, kwa sauti ya chini na ya adabu, kama alivyolelewa:

"Tata, tarehe hiyo nyingine nitakuja na matatu. Nitakuja na mama."

"Huko watu wanakohoa," Ochoki akasema.

"Nitamfunika," Celestine akasema.